Mama Surjit Anakula

Furaha hakuniambia kwamba yule mtu angekuwepo. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba sikwenda kwa hiari yangu. Alinipigia simu akaniambia chakula cha mchana tu, Jumanne, kwa Wachina wetu wa zamani pale mjini, juu ghorofani, wamebadilisha rangi lakini ni palepale. "Kuja, dada," akasema kwa Kiswahili chake cha Uvira ambacho miaka yote ya Birmingham haijakigusa. "Tunazeeka, na hatuonane." Nilikuwa sijamwona tangu arusi ya binti yake. Kutoka kwangu Moseley hadi kwake Kingstanding si safari ya kumshinda mtu, lakini sisi watu wa mji huu tumezoea kupendana kwa simu. Basi nikavaa koti langu zuri, nikapaka wanja, nikapanda basi nikiwa na njaa ya makusudi, maana asubuhi sikunywa hata chai. Miaka mingi nilikuwa nikipita chini ya madirisha ya mkahawa ule bila kupanda. Siku hiyo nilipopanda sikuliona zulia jekundu, wala vile vitoroli vilivyokuwa vikisukumwa baina ya meza. Sasa unaagiza kwa kuelekeza simu yako kwenye kibandiko kilichogandishwa mezani. Ila harufu haikubadilika: mvuke wa unga wa mchele, tangawizi, mafuta ya ufuta, chai ya maua. Nilikuwa bado natabasamu nilipomwona Furaha karibu na dirisha akinipungia mkono, ameketi na mwanamke kijana wa Kipunjabi na mzee mmoja aliyefungwa kitambaa kifuani kama mtoto anayelishwa.

Kilemba cha yule mzee kilikuwa kimefungwa na mkono wa mtu mwingine, kimekaa upande. Ndevu zote nyeupe. Alikuwa akikikodolea macho kikapu cha mianzi kilichokuwa kikitoa mvuke mbele yake, kana kwamba mvuke ule una habari za kumpa. Nilimtambua kwa pua. Pua ile niliipenda usoni mwa mama yake, na usoni mwake niliichukia.

"Hiki ni nini, Furaha?"

"Kaa kwanza, dada."

"Nimekuuliza, hiki ni nini?"

"Ni Surjit," akasema, sauti chini. "Iko mugonjwa. Na huyu ni binti yake, Simran. Kaa, tafadhali. Batu banatuangalia."

Sikukaa. Acha watuangalie. Watu wa chumba kile waliwahi kutuangalia siku nyingine, kwa sababu ya mtu huyuhuyu, na ili ieleweke kwa nini magoti yangu yaligoma kukunjika inanibidi niurudie mwaka ule wote, ambao mpaka leo naupima kwa vyakula na kwa hasira.

Nilikuwa bado binti, mgeni kutoka Tanga, nafanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee na jioni nasoma. Mama Surjit nilimpata sokoni, katikati ya mji. Nilisikia sauti ya mwanamke nyuma yangu ikimkaripia muuza mboga: "Hii bamia ya lini? Hii nazeeka kuliko mimi! Mwizi mkubwa wewe!" Nikageuka kumtafuta Mswahili mwenzangu, nikamwona mama mfupi wa Kisingasinga, amevaa sweta la kiume juu ya nguo zake za Kipunjabi, mkoba ameubana kwapani. Nikacheka kwa sauti. Akanikazia macho. "Wewe nacheka nini? Wewe najua Swahili?" Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akashika kifua. Alisema hajaambiwa shikamoo na mtu tangu atoke Kisumu, akalia palepale mbele ya bamia, kisha akafuta machozi kwa mkono wa sweta akarudi kugombana na muuza mboga. Kabla juma halijaisha nilikuwa nimehamia kwake Great Barr. Furaha nilimkuta tayari chumba cha mbele. Naye aliokotwa vivyo hivyo, katika kituo cha basi, akiongea kwenye simu na watu wake wa Uvira.

Tulimwita Mama Surjit kwa desturi ya kwetu, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na yeye akalipenda. Jina lake mwenyewe lilikuwa Harbans. Nyumba yake ilikuwa karibu na barabara kuu, na mlio wa magari ulikuwa haukomi, kama maji yanayochemka chumba cha pili. Mumewe alikwisha kufariki. Wanawe wawili walikuwa na nyumba zao, magari yao na wake zao, na wakija waliongea naye Kiingereza. Kwa hiyo yeye alitaka wapangaji wa kuongea nao, si wa kumlipa, na sharti lake la kwanza alitusomea akiwa amesimama katikati ya jiko, mwiko mkononi: "Hapa jikoni hapana Kingereza. Kingereza nakaa sebuleni na ile maua ya plastiki." Na jiko lile lilikuwa na Viswahili vitatu vilivyotaniana mchana kutwa. Furaha akisema ana njala, Mama Surjit anamwuliza hiyo njala ni mnyama gani. Mimi nikisema "naomba unipatie chumvi," wote wawili wananicheka kwamba naongea kama redio. Tulikula ugali na dengu, dagaa wa kukaanga, chapati zake zilizokuwa laini hata unaweza kuzifutia uso. Nilikuwa mbali na kwetu, na katika jiko lile nilisahau kwamba niko mbali.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku yetu sote ya mapumziko, na Jumanne tulikwenda kwa Wachina. Ilikuwa desturi yake kabla yetu. Alituambia kwamba mumewe maisha yake yote alikataa kuingia pale, akisema Wachina hawaaminiki na nyama, na kwamba baada ya msiba, siku ya kwanza aliyotoka peke yake, alipita chini ya madirisha yale, akanusa, akasimama, akagundua kwamba hakuna tena mtu duniani wa kumwambia usiingie. Akaingia. Akala vifurushi vya kamba wa baharini vyenye ngozi nyembamba ya kupitisha mwanga, akalia kidogo kwa ajili ya marehemu, akaagiza vingine. Sisi tulipojiunga naye, meza yetu ikawa shida ya kuchekesha: mimi sili nguruwe, yeye hali ng'ombe, na Furaha, Mkristo wa Uvira, anakula chochote kilichowahi kupumua. Mhudumu wetu, Mei, mwanamke wa umri wa makamo mwenye uso mkali na roho ya sukari, alikuwa akisimamisha kitoroli, anafunua kikapu, anatunyooshea kidole mmoja mmoja: "Wewe hapana. Wewe hapana. Wewe sawa." Furaha alikuwa akifyonza miguu ya kuku ya mvuke kwa mlio wa aibu. Mama Surjit alikula polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa anaweka kamba mmoja kwenye kijiko, anampulizia, anamtazama, ndipo anamtia kinywani na kufumba macho. Katikati ya kamba na kamba alituhoji. Yule kijana wa kanisani anayempigia Furaha simu, ana kazi? Anaosha vyombo? Na mimi, mtihani wangu lini, na mbona nimekonda, na kwa nini wasichana wa siku hizi wanavaa viatu vya mvulana? Hatukuwahi kuondoka pale kabla ya alasiri.

Surjit alikuwa akija Jumapili. Sisi tulipanda vyumbani, si kwa kufukuzwa bali kwa adabu, lakini sakafu ya nyumba ile ilikuwa nyembamba na sauti zake zilitufuata. Mwanzoni ilikuwa nyumba ni kubwa mno kwake. Kisha ikawa watu wa hekaluni wanauliza kwa nini mama yake amejaza Waafrika ndani. Siku moja nilikuwa nimekaa juu ya ngazi nakunja nguo zangu nikamsikia akisema, kwa Kiingereza kile cha kumsemesha mtoto, kwamba mama ameanza tena kuongea ile lugha na kwamba anajua hakuna anayemwelewa.

"Wewe nafahamu," mama yake akamjibu kwa Kiswahili. "Wewe nazaliwa Kisumu. Wewe nacheza nje na watoto ya jirani mpaka usiku. Wewe nafahamu kila kitu."

Halafu Surjit akasema kwa Kiingereza, "Nimeisahau."

Nilidhani wakati ule kwamba ni maneno ya mtu anayeona haya tu, kama wengi ninaowajua, walioitupa Afrika yao baharini njiani ili wafike wepesi. Sikujua kwamba alikuwa anajifanyia mazoezi.

Kulipoanza baridi Mama Surjit aliunguza sufuria. Sufuria moja. Alikuwa amesimama mlangoni akizozana na mtu wa kuuza madirisha, dengu zikashika, moshi ukajaa, jirani akapiga simu. Nani hajawahi kuunguza sufuria? Lakini Surjit alipokuja sufuria ile ikazaa: ikawa anaunguza kila juma, ikawa anasahau mlango wazi, ikawa amepotea njia. Na siku moja, Jumatatu, akaja na mwanamke kutoka ofisi ya ustawi wa jamii, mwenye skafu nzuri na sauti ya upole, wakakaa sebuleni. Surjit alimweleza kwamba mama akiwa na wasiwasi Kiingereza humtoka, kwa hiyo yeye atafasiri. Mama Surjit alikuwa na Kiingereza cha kutosha kumtoa jasho muuza madirisha. Lakini nadhani siku ile aliona wazi kilicholetwa ndani ya nyumba yake, na kwa hasira akakataa kukitumia Kiingereza hicho. Akaulizwa leo ni siku gani. Akaulizwa waziri mkuu ni nani. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nikamsikia akijibu taratibu, macho yake yamemganda mwanawe:

"Mwambie huyu mama leo Jumatatu. Mwambie kesho mimi nakula kamba na wasichana yangu. Mwambie mimi hapana kichaa. Mwambie mtoto yangu nataka nyumba."

Nilimtazama Surjit. Shavu lake lilitikisika. Alifahamu kila neno. Ningeweza kuapa kwa msahafu. Kisha akamgeukia yule mwanamke, akashusha pumzi kama mtu mwenye huzuni, akasema: "Anatoa sauti tu. Ndivyo anavyoshinda."

Nikaweka sinia chini. Nikasema hizo si sauti, ni Kiswahili, na ninaweza kufasiri alichosema. Surjit hakunitazama hata kidogo. "Huyu ni mpangaji," akamwambia mgeni wake. "Ana maslahi yake na nyumba hii." Na yule mwanamke akanitabasamia, tabasamu nililokuja kulijua vizuri maishani mwangu, la mtu anayekufungia mlango bila kuubamiza. Akasema asante sana, familia inatosha.

Nimekuwa mkalimani hospitalini na mahakamani katika mji huu kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Watu huniuliza niliingiaje katika kazi hii, nami huwajibu jambo la adabu, kwamba napenda lugha. Si kweli. Niliingia kwa sababu ya mlango ule wa sebule. Kila ninapoketi kati ya mtu na watu wenye madaraka juu yake, kila ninaposikia jamaa akisema "usijali, mimi nitamfasiria," damu inanipanda kichwani, na nasema kwa Kiingereza safi kilichopigwa pasi kwamba hapana, mgonjwa ana haki ya kusikilizwa na mtu asiye na lake. Wenzangu wanasema nina msimamo. Si msimamo. Ni kwamba bado nimeshika sinia.

Tuliporudi kutoka kazini siku moja, si muda mrefu baada ya hapo, tulikuta vitu vyetu barazani ndani ya mifuko myeusi ya takataka, na kufuli mpya mlangoni. Surjit alitokea dirishani, akasema mama amekwenda kupumzika kwa jamaa huko Leicester, na kwamba nyumba itauzwa. Furaha alimwuliza kama mama alituachia neno. Akafunga dirisha. Tulikokota mifuko ile hadi kituoni, mvua inanyesha, nguo zangu za ndani zinachungulia kwenye tundu la plastiki, na Furaha akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya kutetemeka hadi nikamwambia nyamaza, usiimbe, lia kama watu.

Hakuwa Leicester. Alikuwa mjini humuhumu. Mwanakwaya mwenzake Furaha alikuwa akipika katika nyumba moja ya wazee, na Jumapili moja baada ya ibada akawachekesha wenzake kwa kisa cha bibi Muhindi anayetukana uji kwa Kiswahili. Furaha hakucheka. Jumanne iliyofuata tulikuwa mlangoni pale, tumevaa vizuri. Tulimkuta chumbani, ameketi kitandani na koti lake, mkoba kwapani, kana kwamba anasubiri basi. Alikuwa amekonda. Walimvalisha sweta la mtu mwingine. Aliponiona hakulia; alisema, "Mbona nachelewa? Mimi nasikia njaa." Msimamizi wa zamu, Mwingereza mnene mwenye macho ya kuchoka, alisema huyu si mfungwa, mpelekeni akale, mrudisheni kabla ya chai ya jioni. Simsahau kwa wema ule. Baada ya sisi kutoka, kwa kufuata taratibu zao, alimpigia simu Surjit.

Mei alituona tunatokea ngazini akaacha kitoroli katikati ya njia. Alimshika Mama Surjit mkono, akampeleka kwenye meza yetu ya dirishani, akafunua vikapu vyote bila kuuliza. Tulikuwa hatujafika mbali na kamba wa kwanza Surjit alipopanda ngazi akihema, funguo za gari mkononi. Alikuja moja kwa moja akamshika mama yake juu ya kiwiko. "Inuka," akasema. "Unaniaibisha." Nilisimama. Furaha akasimama. Meza za jirani zikatugeukia. Nakumbuka mtoto mmoja kijiko kimemning'inia mdomoni. Surjit akasema ataita polisi, kwamba sisi tumemwiba mama yake. Ndipo Mama Surjit alipouondoa mkono wa mwanawe, kidole kimoja kimoja, kama unavyoondoa ruba mwilini, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika hadi jikoni:

"Naitwa Harbans Kaur. Nimezaliwa Kisumu. Leo ni Jumanne. Nakula chakula changu cha mchana, na mwanangu atangoja."

Hakuna aliyepiga makofi, haikuwa sinema. Ila Mei alichukua kiti, akakiweka kando ya ngazi, mbali, akamwonyesha Surjit kwa kidevu. Wapishi wawili walikuwa wametoka jikoni na aproni zao, wamekunja mikono. Surjit alitazama chumba kizima, na chumba kizima kikamtazama. Akaenda akakaa. Na mama yake akala. Sijawahi kuona mtu akila namna ile. Alikula kila kamba kwa heshima zake zote, akapuliza, akafumba macho, akamwuliza Furaha habari za yule kijana, akaniambia nisisome usiku sana nitaharibu macho, akaomba keki ya mvuke, akaomba chai nyingine. Mwanawe alikuwa akitazama saa. Alipomaliza alijifuta mdomo, akatubusu kichwani mmoja mmoja, akasema, "Sasa mimi naenda. Nyinyi hapana lia hapa, watu nadhani chakula mbaya." Akatembea mwenyewe hadi ngazini, akampita mwanawe bila kumtazama.

Hatukuruhusiwa tena kumwona. Majina yetu yaliachwa mlangoni pale kama ya wezi. Alifariki kabla majani hayajarudi kwenye miti, na habari tulizipata kwa yule mpishi, siku kadhaa baada ya mwili wake kuchomwa kwa desturi yao. Mpishi alisema mwishoni alikuwa anaita usiku, anaomba maji kwa Kiswahili, na wauguzi wanampa blanketi.

Sasa mtu aliyefanya hayo alikuwa mbele yangu, amefungwa kitambaa kifuani.

Furaha alinieleza haraka haraka, akinivuta mkono wa koti. Siku hizi anazunguka nyumba za watu kuwahudumia wagonjwa, na kampuni yake ilimpeleka kwenye nyumba nyingine huko Great Barr, hakujua ni ya nani. Alimkuta mzee anapiga kelele, na familia imemzunguka hawajui la kufanya. "Aliita maji, dada. 'Leta maji!' Vraiment, kweli kabisa, nilishituka. Nikamuletea. Akanishika mukono akalia. Kingereza yote imetoka, Kipunjabi imetoka, imebaki Kiswahili tu. Nilijua ni yeye kisha mwezi muzima kupita."

"Na ukanyamaza."

"Nilimusamehe. Bwana Yesu alisema..."

"Msamaha wako ni wako, Furaha. Wa kwangu niachie mwenyewe."

Simran alikuwa akituangalia mdomo kwa mdomo, kama watu wanavyofanya wasipojua lugha. Alikuwa na uso mzuri, wenye usingizi mchache. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba anashukuru nimekuja, kwamba Furaha ameniambia mimi ni mkalimani, na kwamba wao nyumbani walikuwa hawajui kabisa kwamba maneno ya baba ni lugha. "Tulidhani anatoa sauti tu," akasema.

Nilishika ukingo wa meza. Nilimwuliza anajua nini kuhusu bibi yake. Akasema machache: kwamba alichanganyikiwa akiwa bado na nguvu, maskini, na kwamba kulikuwa na wasichana wawili wapangaji waliotaka nyumba, wakafika hadi kumteka kutoka kwenye makao. Baba alipenda kusimulia kisa hicho. Kisha akaona nyuso zetu, mimi na Furaha, akaelewa ni mezani pa nani amekaa, na rangi ikamtoka.

Nilivuta kiti, nikakaa mwishowe, si mbele ya Simran bali mbele ya baba yake. Nilikuwa na hotuba. Niliitunga ndani ya mabasi, bafuni, kitandani, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kila mwaka niliinoa. Alikuwa ananitazama kwa adabu.

"Mama iko wapi?" akaniuliza.

Kilikuwa Kiswahili cha mama yake, sawasawa, pamoja na ule mvuto wa mwisho wa neno. Furaha akanikanyaga mguu chini ya meza. Nafahamu anavyofundishwa mtu kuwajibu wagonjwa wa namna hii. Nimefanya kazi hiyo. Unasema mama yuko njiani, unabadilisha mazungumzo, unampa kitu mkononi. Sikutaka.

"Amekufa, Surjit. Alikufa mahali ambapo hakuna aliyemwelewa akiomba maji."

Macho yake yalijaa machozi. "Nani napeleka yeye huko?"

"Wewe."

Alilifikiria. Aliligeuza geuza, paji limekunjamana, na kwa kitambo kidogo niliamini kwamba amenifikia, kwamba nyuma ya macho yale yuko mtu mzima wa sebuleni, na nilisogea mbele ili nimkamate. Kisha akatikisa kichwa, taratibu, kwa uhakika mkubwa.

"Mimi? Hapana," akasema. "Mimi iko mtoto tu."

Akageukia kikapu chake. Furaha alimwekea kamba kwenye kijiko, akampulizia. Nami niliinuka, nikagonga kiti cha mtu, nikashuka ngazi nikiwa sioni vizuri. Alikuwa amenikimbia. Miaka yote ile nilimngoja, na siku ya kuonana naye amejificha mahali pasipo na anwani, utotoni, Kisumu, nje na watoto wa jirani, ambako hana hatia na siwezi kumfuata. Sikumwonea huruma. Waliosoma hadi hapa wakinitarajia nilainike watanisamehe, au wasinisamehe. Nilitamani nivunje kitu.

Simran alinifikia katikati ya ngazi. Alinishika koti. "Amesema nini?" akauliza. "Tafadhali. Na wewe umemwambia nini?"

Nikamtazama. Alikuwa mtu mzima, mwenye pete kidoleni na simu inayolia mfukoni asiyoipokea.

"Amesema yeye ni mtoto," nikamwambia. "Wewe si mtoto. Kaa hapa."

Alikaa kwenye ngazi, na mimi nikakaa kando yake, na wateja wakawa wanatupita kwa ubavu wakipanda kula. Nikamweleza yote, neno kwa neno, aliyoyasema bibi yake sebuleni na aliyoyafasiri baba yake, ya mifuko myeusi na ya maji. Sikupunguza makali popote. Alipoanza kulia nilimwacha alie, nikaendelea.